Maharagi Mgongoni

Konteri yangu mpya, hii mita ya umeme ya kulipia mbele, ina mdomo. Umeme ukikaribia kwisha inalia kama kifaranga kilichopotelewa na mama yake, na mtaa mzima unajua kwamba kwangu mambo si mazuri. Juzi ililia maharagi yangu yakiwa bado magumu. Sikwenda kununua umeme. Nilizima resho, jiko langu la umeme, nikafunga kifuniko cha sufuria kwa kitambaa, nikaiviringisha sufuria katika bulangeti mbili, nikailaza kitandani. Halafu, rafiki yangu, nikakaa kando yake. Nilikaa mpaka miguu ikafa ganzi, ndipo nikakumbuka kwamba mimi ni mtu mzima mwenye nyumba yake, na hakuna aliyenituma.

Nililelewa na Kambo. Huku kwetu Lubumbashi, kambo ni mzazi wa mzazi wako, na huyu alikuwa mama yake baba. Tulikaa Kampemba, ndani ya lupango moja, uwanja wenye ukuta wa matofali na nyumba nyingi za wapangaji, zote zikinywa umeme kutoka konteri moja. Bili ikija iligawanywa kwa wote, na kila mpangaji aliamini kwamba yeye ndiye analipia pasi ya jirani. Basi tulichungana. Ukipiga pasi shati moja, mama wa nyumba ya nyuma alikohoa. Ukiwasha resho, hata ya kuchemsha chai, mwenye lupango alikuwa mlangoni tayari, pua mbele.

Lakini wote hao walikuwa wanafunzi, mwalimu alikuwa Kambo. Angeweza kusikia balbu inawaka mchana akiwa uwanja wa ndege wa Luano, katikati ya kelele za injini. Jua likizama tulikusanyika wote chini ya balbu moja kama vifaranga, na aliyesahau kitu chumbani alikitafuta kwa vidole. Redio ilisoma habari tu, kwa sababu Kambo alisema muziki unakula courant, yaani umeme. Pasi yetu ilikuwa ya makala, yaani makaa. Makala yaliyobaki kwenye mbabula, jiko letu la bati lenye matundu, yalipasha maji ya kuoga, kisha yakafunikwa majivu na kutunzwa kwa kesho. Naapa kuna kipande kimoja cha kaa nilichokifahamu kwa sura tangu darasa la kwanza mpaka la tatu.

Na maharagi ndiyo yaliyokuwa kilele cha elimu yake. Yalilowekwa usiku, mchana yakachemka kidogo kwenye mbabula, kisha sufuria ikafungwa na kuviringishwa bulangeti, ikapelekwa kitandani imalizie kuiva yenyewe kwa joto lake. Kitu kimoja tu kilikosekana, alisema Kambo: mutoto. Sufuria ikilala peke yake inapoa, inahitaji mwili wa kuiegemea. Na katika nyumba ile mwili wenye joto kuliko yote ulikuwa wangu. Wavulana wawili wa shangazi niliokaa nao walikuwa wembamba kama nyaya, hawakufaa. Isitoshe, wao walisoma mchana, mimi asubuhi. Nikawa jiko.

Hebu jichoree picha. Kushoto ukuta, kulia sufuria, juu bati. Msimu wa baridi, upepo unapiga mlango. Nje wasichana wanaruka kamba, wanaimba, wanagombana ni nani amekanyaga, na mimi najua kabisa ni nani kwa sababu nimesikiliza miaka mia moja. Siruhusiwi kuinuka. Siruhusiwi kufunua hata kidogo, maana ukifunua joto linatoka, na makala ya kuanza upya hakuna. Harufu ya kitunguu na bitoyo, ule samaki wa chumvi, inapenya bulangeti na kunisalimia. Kambo akitoka aliniambia neno moja tu, kila siku lile lile: "Usiiache."

Baba na mama walikuwa Mitwaba, mbali sana na mji, kwa ajili ya biashara ya mahindi. Waliondoka na mdogo wangu aliyekuwa bado mgongoni, wakaniacha mimi nisome mjini. Walisema ni kwa muda. Watu wazima wana neno hilo, muda, halina mwanzo wala mwisho.

Mchana mmoja Kambo alikuwa ameenda kwenye matanga, wavulana wako shule, na mimi niko kwenye kazi yangu ya ujiko. Jirani aliyeuza mihogo akaita kutoka barabarani, beseni kichwani, bila kusimama: baba yangu yuko sokoni, lori linashusha mahindi, dereva hataki kulala mjini. Kisha sauti yake ikaenda zake pamoja naye.

Nilitazama sufuria. Nilitazama mlango. Nikiiacha, wanne tunalala njaa, na Kambo atarudi kutoka matanga hayo kuanza mengine. Nikibaki, lori litaondoka. Sasa, mtu aliyefungwa muda mrefu hupata akili za ajabu. Nilichukua kikwembe cha Kambo, kitenge chake, nikainama, nikaitupa sufuria mgongoni na bulangeti zake zote, nikaifunga kifuani kama mama anavyofunga mtoto. Ikatulia. Hata nikaipigapiga kidogo.

Nilikimbia Kampemba nzima hivyo, na njia ile siku hiyo ilikuwa ndefu kama kwenda Mitwaba kwa miguu. Karibu na soko mama mmoja muuza mafuta akanishika mkono, akagusa mzigo wangu kwa huruma, akashtuka.

"Huyu mutoto anachoma, mama. Umupeleke ku hopitali."

Nikamjibu kwamba tunaenda huko huko.

Baba alikuwa juu ya lori, anakunja maturubai. Alikuwa amekonda, au lori lilikuwa kubwa. Aliponiona aliruka chini, akaniita mama, maana nilibeba jina la mama yake. Akauliza ni mtoto wa nani huyo. Nikamwambia ni maharagi. Alicheka mpaka akaketi juu ya gunia, na watu wa lori wakacheka, na mimi nikacheka, na kwa mara ya kwanza msimu ule sikusikia baridi.

Halafu akaacha kucheka. Alitazama kile kikwembe, na mikono yangu iliyokishika, akasema polepole:

"Panda, mama. Tuende. Mama yako iko nakungojea."

Dereva alikuwa amekwisha kuwasha. Watu walikuwa wanapanda. Nafasi ilikuwepo, niliiona kwa macho yangu, kati ya gunia na mwanamke mwenye bata.

"Na maharagi?" nikamwuliza. "Kambo na batoto banakula nini?"

Baba akasema niiache sufuria kwa mama yeyote pale sokoni, ataipeleka. Nikawatazama mama wote wa soko, mmoja mmoja. Hakuna aliyejua kukaa kando ya sufuria. Wangeifunua.

"Niirudishe kwanza, papa. Nakuya mbio."

Dereva akapiga honi. Baba alinishika shavu, mkono wake ukinuka vumbi la mahindi, akasema basi, safari nyingine. Akapanda. Lori liliondoka, na mimi nikarudi nyumbani nikitembea, kwa sababu sasa hakukuwa na haraka.

Kambo aliporudi maharagi yalikuwa laini kuliko siku zote. Alipakua bukari, ugali wetu, akasifu. Wavulana walikula kama mashine za mgodi. Nilimsimulia yote, na gunia, na bata. Kambo, mwanamke aliyemzimia balbu padri aliyekuja kumwombea, aliweka tonge chini.

"Ungeenda nayo," akasema. "Na sufuria, na bulangeti, yote."

Hakuniweka tena kando ya sufuria. Aliiegemeza mto, na maharagi yakaiva vile vile. Miaka mingi baadaye, nikiwa shule ya jioni na watoto wangu wamelala nyumbani, mwalimu alitueleza jinsi joto linavyofungiwa, na nikajua kwamba bulangeti peke yake ilitosha tangu siku ya kwanza. Darasa zima lilishangaa ni kitu gani kinanichekesha.

Siku hizi lupango lile lina konteri kila mlango, na vioo vya umeme wa jua juu ya bati. Hakuna anayekohoa ukipiga pasi. Kambo hayupo. Baba alipita mjini tena mara kadhaa, lori limejaa mpaka juu. Kisha barabara ikaharibika, asipite tena. Mitwaba nilifika nikiwa mtu mzima. Wadogo zangu walisimama mlangoni wakinitazama viatu. Mama alinichinjia kuku, akanitandikia kitambaa kipya mezani, na kabla ya kuonja mchuzi akaniuliza, kwa adabu sana, kama mimi napenda chumvi nyingi au kidogo.