Kicheko Kilichobaki Kwenye Foleni ya Madumu

Saa mbili asubuhi, mtaa wa Murara, Goma. Ernestine Umuhoza amekalia dumu la njano, nyundo mkononi, anakunja bati ili liwe mbabula, jiko la makaa. Kila mlango wa karakana unapolia, anainua kichwa. Kuna mgeni ambaye yeye anamngoja na kumwogopa.

"Mbabula njo inanilisha," anasema, "njo" ikiwa "ndiyo" ya Goma. "Hawa wengine wananikosesha usingizi."

Hao wengine ni sanamu ishirini zilizoegemezwa ukutani: tumbo la dumu, miguu ya nondo, kichwa hakuna. Siku ikiwa njema, Ernestine, mwenye umri wa miaka thelathini na sita, huuza mbabula tatu, kila moja franka elfu sita. Jioni huunda sanamu, akazipanga mahali na kupiga video. Anataka kujua binadamu hugeuka nini akiwa ndani ya kundi. Jibu alilipata, nalo likamvua nguo yeye mwenyewe.

Ilikuwa mwaka 2024, kambi ya wakimbizi ya Mugunga ingali imejaa. Asubuhi moja alipanga sanamu zake juu ya mawe meusi ya volkano, mstari mmoja, zikitazama ukuta usio na mlango. Akasimamisha kamera ya kuazima, akangoja watu waje kushangaa.

Hawakushangaa hata kidogo. Kambini, dumu ndilo linalomshikia mtu zamu. Unaliacha kwenye foleni, unakwenda kutafuta kuni, na hakuna anayethubutu kulisogeza. Tena kamera ilizoeleka kuja siku za mgao wa misaada. Dakika ishirini hazikupita, mwanamke mmoja akaweka dumu lake nyuma ya sanamu ya mwisho. Kufika saa sita, watu walikuwa zaidi ya mia mbili.

Mwanamume mmoja alipojaribu kupita mbele, foleni nzima ilimrukia. "Rudia nyuma! Hawa wametangulia! Benyewe batakuja!" Wenyewe hawakuwapo; waliokuwa wakitetewa ni madumu yenye miguu.

Neno moja la Ernestine lingewarudisha watu kwenye shughuli zao. Alilimeza.

"Niliona kazi yangu inakuwa muzuri," anasema. "Njo kosa yangu. Niliona kazi, sikuona watu."

Mwanamke yule wa kwanza anaitwa Mukamugema, mkulima aliyekimbia Rutshuru na watoto wanne. Asubuhi ile alikuwa wa kumi na mbili kwenye bomba la kweli. Aliondoa dumu lake akalihamishia kwenye foleni mpya, iliyoonekana kuwa na heri zaidi. Aliporudi, bomba lilikuwa limekauka. Akateka maji ya ziwani, na kitindamimba wake, Igihozo, akalazwa siku sita kwa kipindupindu. Mtoto alipona. Mama yake alikwenda kumkabili Ernestine, na Ernestine akaapa kwamba video ile haitaonyeshwa popote bila ruhusa ya mama huyo.

Kisha kambi ikavunjwa, na Mukamugema akapotea pamoja na umati. Mwaka huu tamasha moja la ng'ambo limemwalika Ernestine apeleke sanamu na video. Jibu linatakiwa Ijumaa. Kwake ni mlango wa kwanza kufunguka, na huenda ukawa wa mwisho. Marafiki walimwambia apeleke tu, nani atajua? Kweli, wakimbizi wa Mugunga hawaalikwi kwenye kumbi hizo. Lakini Ernestine alimtafuta Mukamugema miezi miwili, akampata juzi mtaa wa Katindo, akiwafulia watu nguo.

Saa nne mlango unalia. Mukamugema anaingia, kitenge kimelowa magotini. Ameacha dumu lake kwenye foleni ya bomba la mtaani, kwa hiyo hana muda wa chai.

Anaitazama video kwenye simu akiwa amesimama. Anajiona akiweka dumu lake chini. Anamwona yule mwanamume akifukuzwa. Halafu, karibu kabisa na kamera, mtu anacheka.

"Ule anacheka ni nani?"

Ernestine anaweka nyundo chini. "Ni mie, mama."

"Ulikuwa unacheka nini?"

"Nyinyi. Vile mulikuwa munagombania ile mistari."

"Mi nilikuwa na kiu," anasema Mukamugema.

Ernestine anakiri kwamba alipanga kukiondoa kicheko hicho na kuweka muziki mahali pake. Machozi yanamtoka, naye hayafuti.

"Peleka video yako," anasema mama yule. "Lakini kicheko usiitoshe, ibakie mule. Ukiitosha, mi sikukupa ruhusa. Hao bazungu wasikie nani alikuwa anatucheka."

"Unisamehe, mama."

"Sikukuja kusamehe. Bidon yangu iko ku mulongo."

Anaondoka bila kwaheri, kulifuata dumu lake kwenye foleni. Ernestine anabaki ameikodolea macho simu, na video imerudi mwanzo.

Ataituma Ijumaa. Lakini Alhamisi ataipeleka kwanza Mugunga, awaonyeshe waliobaki karibu na mawe yale, sauti ikiwa juu kabisa. Atasimama mbele, mahali sanamu zilipokuwa.

"Wakitukana, nitasikiliza," anasema, akiinua nyundo. "Ila natamani wanicheke. Siku hiyo ni zamu yao."