Ndengu Ndani ya Vyondo vya Mama Mbogo

Siku Njuki alipomwona Mama Mbogo kwa mara ya kwanza, mama huyo alikuwa akigombana na askari wa lango la posta. Ulikuwa mwanzo wa mwaka wa tisini na nane. Mvua kubwa ya mwaka uliotangulia ilikuwa imekatika juzijuzi, na kuta za mji wa Embu zilikuwa bado zina matope mekundu hadi kimo cha goti. Mama alikuwa amebeba mgongoni vyondo saba, vikapu vya kusuka kwa katani, mshipi wa ngozi umemkaza kwenye paji la uso, na askari alikuwa akimwonyesha njia ya kwenda sokoni.

"Nani amekwambia nauza?" mama alimfokea. "Nimekuja kutuma."

"Kutuma wapi, mama?"

"Ng'ambo! Ama hii posta yenu inafika hapo Runyenjes tu?"

Watu kwenye ngazi walicheka. Njuki hakucheka. Hakuwa mtu wa kucheka mbele za watu, wala wa kusema mbele za watu. Alikuwa na meza yake ya mbao kando ya ngazi zile, na juu yake karatasi ya kaki, kamba ya katani, mkasi, kalamu ya wino mzito na mizani ndogo. Kazi yake ilikuwa kuwafungia watu vifurushi na kuwajazia fomu. Masomo yake yaliishia darasa la saba, lakini ada za posta alizijua kama wengine wanavyoijua Baba Yetu.

Askari, kwa kutaka kuondokewa na kero, alimsukumia Njuki yule mama.

"Wewe ndiye mfungaji?"

Njuki aliitikia kwa kichwa.

"Unaitwa nani?"

"Njuki."

Mama aliangua kicheko. Kwa lugha ya nyumbani kwao, njuki ni nyuki. "Nyuki gani wewe usiyevuma! Haya, nifungie."

Hivyo ndivyo walivyojuana. Jina hasa la mama huyo lilikuwa Igoki, ila tangu amzae Mbogo hakuna aliyemwita hivyo. Alitoka Mbeere, nyanda za chini upande wa Ishiara, ambako mvua huja ikitaka. Mumewe alikuwa kibarua kwenye ujenzi wa bwawa, naye alifariki wakati mtoto wao Mbogo alikuwa na miaka sita. Tangu hapo mama alijilisha kwa kazi ya mikono yake. Shangazi yake alikuwa amemfundisha kusokota nyuzi za katani juu ya paja, na kwa miaka aliyosokota, paja lake la kulia lilikuwa gumu kama ngozi ya ngoma. Rangi za vyondo alizipata kwa kufumua sweta kuukuu za mitumba. Kikundi chao kilikuwa na wanawake tisa. Wanane waliuogopa mji, kwa hiyo mama ndiye aliyepanda na vyondo vya wote.

Kila alipokuja, aliketi kwenye kreti ya soda kando ya meza ya Njuki na kumweleza habari zake zote: mbuzi waliopotea, mke wa Mbogo asiyejua kupika githeri ya mahindi na maharagwe, mhubiri aliyehubiri mpaka mtoto mmoja akazirai. Njuki alisikiliza akifunga. Siku ambazo mama hakuja, alijikuta akiitazama ile kreti.

Mwaka uliofuata, Caroline aliingia katika mambo yao. Huyu alikuwa msichana mwenye ofisi ya kupiga chapa na faksi, ghorofa ya kwanza mkabala na posta, na alikuwa ameingiza kompyuta inayofika ng'ambo kwa laini ya simu. Aliwaeleza juu ya mnada wa humo. Picha ya kiondo inawekwa, watu wa dunia nzima wanapandisha bei kwa siku saba, na saa ikifika, aliye juu ndiye mnunuzi. Chini ya kila picha huandikwa ada ya kutuma, ambayo mnunuzi hulipa juu ya bei.

"Ni kama soko la mbuzi," mama alisema, "ila mbuzi haonekani, na mnunuzi pia haonekani. Tutajaribu."

Walijaribu, na vyondo vikaenda. Kilichofuata kila ununuzi ni maneno ambayo mnunuzi aliyaacha kwenye ukurasa wao, na wengine waliyasoma kabla ya kutaja bei. Caroline aliwaambia wazi: "Haya maneno ndiyo duka letu. Yakiharibika, hatuna kitu." Kwa miezi mitano hayakuharibika.

Kisha ikaja barua ya Doreen, mama mmoja wa Kanada. Alikuwa ameshinda vyondo vitano, kila kimoja na mnada wake, na kila kimoja na ada yake ya kutuma. Sasa aliuliza: kwa kuwa vyote vinakwenda kwa mtu mmoja, je, si vingefungwa pamoja apunguziwe ada?

Caroline aliisoma mezani kwa Njuki. Mama Mbogo alisimama kutoka kwenye kreti.

"Alipokuwa anashindana na wenzake hakuiona hiyo ada? Kwetu mtu akishashika kamba ya mbuzi, haombi apunguziwe nauli ya mbuzi!"

"Lakini mama, ana haki kidogo," Caroline alisema.

"Haki ya nini? Nyinyi watoto wa mjini mtu akiandika kwa Kizungu tayari ana haki!"

Njuki aliisogeza mizani karibu. Alivichukua vile vyondo vitano, akaanza kuviingiza kimoja ndani ya kingine, kikubwa, cha kati, kidogo, hadi kikabaki kimoja tu machoni. Akakiweka kwenye mizani. Kilo moja na nusu.

"Chini ya kilo mbili ni kifurushi kidogo," alisema polepole. "Ada ni moja. Ikizidi kilo mbili inakuwa mzigo, na ada inaruka karibu mara mbili. Hapa tunaweza kumpunguzia, na hatutapata hasara."

Lilikuwa ndilo neno refu zaidi alilowahi kulisema pale mezani. Mama alimtazama, akaketi. "Basi mpunguzieni. Nyuki amevuma."

Caroline alimwandikia Doreen kwamba amekubaliwa. Doreen alijibu kwa shukrani nyingi, akasema ana duka dogo, na vikifika salama atachukua vyondo thelathini kabla ya Krismasi. Habari hiyo mama aliipeleka kwao akitembea kama bibi harusi. Alivibeba na vile vitano, vikatiwe mishipi ya ngozi.

Aliporudi wiki iliyofuata, Njuki alivipokea na mara moja mikono yake ikajua. Vilikuwa vizito. Aliingiza mkono, akakuta ndengu, choroko za kijani.

"Mama, hizi ni nini?"

"Hujui ndengu? Za msimu huu, hazina mdudu."

"Naona. Lakini za nini?"

Mama alimshangaa. "Njuki, wewe si umezaliwa huku? Mwanamke anampa mwenzake kiondo kitupu? Huyu mtu ametuahidi thelathini. Kila mmoja wetu ametia konzi lake. Ametia hata mama ya Nthiga, ambaye mwaka huu hakuvuna."

Njuki alijua desturi hiyo. Mama yake mwenyewe hakuwahi kurudisha hata bakuli la jirani likiwa tupu. Alivipima vyondo pamoja na boksi na karatasi yake. Kilo mbili na robo.

Hapo shida yote aliyoiona Njuki ilikuwa ile robo. Ahadi ya ada ilikuwa imekwisha kuandikwa. Alitoa boksi la nje, akabadilisha karatasi nene kwa nyembamba, akambembeleza mama abakishe konzi moja tu katika kila kiondo. Mama alibisha, akakubali, akabisha tena. Mwishowe sindano ya mizani ilitulia nyuma kidogo ya kilo mbili. Njuki alifurahi hata akatabasamu mbele za watu.

Kisha akavuta fomu ya forodha. Mahali pa kuandika kilichomo aliandika: vyondo vitano, kazi ya mikono. Kalamu ikasimama.

Ndani ya posta, ukutani karibu na dirisha la tatu, palikuwa na tangazo. Njuki alikuwa amelisoma miaka yote. Lilisema mbegu na nafaka hazipelekwi nchi za nje bila cheti cha ukaguzi.

"Mama," alisema.

"Nini?"

Mama alikuwa akimweleza askari wa lango juu ya vyondo thelathini. Uso wake ulikuwa uking'aa. Njuki aliona akilini makonzi ya wanawake tisa, akaona mama akiyamwaga mezani mbele ya watu wote, akaona atakavyomtazama. Akaiacha fomu kama ilivyo.

"Nitatumia kamba mbili," alisema.

"Tumia hata tatu!"

Kifurushi kiliondoka. Kuanzia siku hiyo Njuki hakulala vizuri. Kila mama alipouliza, "Sasa kimefika wapi?" alijibu kwamba njia ni ndefu.

Barua ilikuja baada ya wiki saba. Kifurushi kilikuwa kimefunguliwa huko bandarini kwao. Ndengu zilikuwa zimeingia katikati ya msuko, kwa hiyo vyote vilichomwa moto, ndengu na vyondo. Doreen alitaka fedha zake. Kuhusu ndengu zenyewe hakulalamika sana. Kilichomuudhi ni fomu. Kwenye ukurasa wa mnada alikuwa ameandika kwamba wauzaji hawa hawaandiki ukweli kuhusu wanachotuma.

Caroline aliweka picha sita mpya. Siku saba zikapita, hakuna aliyetaja bei hata kwenye moja. Akaweka tena. Mwezi ulipokwisha akaufunga ukurasa.

Mama Mbogo aliuza mbuzi wawili, akarudisha fedha za Kanada. Njuki aliyasikia mengine kutoka kwa Caroline. Wanawake wa kikundi walikuwa wameuliza ni nani aliyeijaza fomu ile, na mama alikuwa amesimama katikati yao akasema, "Ni mimi niliyemwambia cha kuandika. Yule ni mkono tu, msimguse."

Haikuwa kweli.

Mama alikuja mara moja tu baada ya hapo. Alikuja kuchukua vyondo sita vilivyobaki chini ya meza. Hakuketi kwenye kreti. Alivipanga, akavifunga mshipi, akasema kikundi kimevunjika, kila mtu amerudi shambani mwake, na yeye hana tena la kumleta Embu. Askari wa lango alimtania kuhusu ng'ambo. Hakumjibu.

Alipoinama ili aweke mshipi kwenye paji la uso, Njuki alisema kwa sauti ambayo hata mwenyewe hakuitambua:

"Mama, mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Juu ya ndengu. Kuna tangazo humo ndani. Nilijua siku ileile, nikanyamaza."

Mama Mbogo aliinuka polepole, mzigo ukiwa bado chini. Alitazama mlango wa posta, akatazama ile kalamu mezani, kisha akamtazama Njuki. Njuki alingoja matusi. Aliyataka.

Mama aliinama tena, akauvaa mshipi, akaunyanyua mzigo wake.

"Ungeniambia, Njuki," alisema. "Ningekukasirikia mpaka jioni tu."