Mstari wa Chumvi

Beki wa pembeni ni mtu anayekimbia sana na kutajwa kidogo. Straika akifunga, mtaa mzima unalijua jina lake na la mama yake. Kipa akidaka penalti, anabebwa juu juu. Sisi tunapanda mpaka kwenye kona, tunapiga krosi, na wenzetu wanapokumbatiana tunakuwa tumeshageuka kurudi kulinda, ulimi nje. Kazi hiyo niliifanya kwa kulipwa miaka minane, jezi namba tatu, upande wa kushoto. Dada zangu hawakuacha kunicheka, maana mjini "beki tatu" ndivyo wanavyowaita wasichana wa kazi za ndani. Kila niliporudi nyumbani likizo, jambo la kwanza walinikabidhi masufuria.

Kwetu ni Mbozi, kwenye kahawa. Lakini kabla ya kuanza kulipwa nilikuwa Tunduma, napakua mizigo ya magari mpakani asubuhi na kuchezea timu ya mji jioni. Kocha wetu alikuwa amerudi kutoka kwenye kozi akiwa na mfumo mpya: mabeki watatu nyuma, watano katikati, wawili mbele. Alituchorea ubaoni. Nilipouangalia vizuri niligundua kuwa upande mzima wa kushoto, kutoka goli mpaka goli, umeachiwa mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi. Nilimuuliza nitapumzika saa ngapi. Akasema nitapumzika siku ya mechi ikiahirishwa.

Basi ikaja habari kwamba kocha wa timu moja ya Mbeya, timu iliyokuwa inalipa mishahara, atafika Jumamosi kuangalia mechi yetu na kuchagua mchezaji mmoja. Mmoja tu. Nilipanda Mbozi kumweleza baba. Baba alikuwa mkulima na mzee wa kanisa, hajawahi kutazama mpira hata mara moja, na aliamini kuwa mpira ni mahali wanapokwenda watu waliomaliza kazi zao, na kwa kuwa kazi haimaliziki, hapapaswi kuwa na mtu. Alinisikiliza huku anaanua kahawa.

"Nakupa Jumamosi hiyo moja," alisema. "Mtu huyo akikuchukua, nenda. Asipokuchukua, Jumatatu uko kwenye mibuni, na mpira usitajwe tena nyumbani kwangu. Na nitakuja mwenyewe kuona kwa macho yangu."

Baba alikuwa mtu wa neno moja. Nilishuka Tunduma nikijua kuwa maisha yangu yote yamebaki dakika tisini.

Sasa, kila timu nchini kwetu ina kamati ya ufundi, na kamati hiyo haihusiki na ufundi wowote wa miguu. Ni wazee wanaoshughulika na mambo yasiyoonekana: nani aingie uwanjani kwa kinyumenyume, nani aruke ukuta badala ya kupita getini. Ya kwetu ilikuwa na watu saba, na mkubwa wao alikuwa mwenyekiti wa timu, muuza vipuri vya magari. Tulikuwa tunacheza na timu yenye winga mmoja wa kulia mwenye mbio za ajabu, ambaye mimi ndiye niliyepaswa kumkaba. Kamati ikaenda kwa mtaalamu wake, na mtaalamu akasema dawa ya winga ni chumvi. Siyo chumvi ya dukani ya pakiti. Chumvi ya Ivuna, ya mabonde ya chini kule karibu na Ziwa Rukwa. Ichorewe mistari ya uwanja badala ya chokaa, na winga akiufikia mstari, miguu itakuwa mizito.

Walileta magunia mawili. Hayakutosha uwanja mzima, yalitosha mstari mmoja wa pembeni. Wakaamua uwe ule wa upande wa barabara, ambako nitacheza kipindi cha pili na ambako mgeni wa Mbeya atakuwa amekaa. Mistari mingine ikachorwa kwa chokaa. Watu wazima saba walikaa, wakapanga, wakachora, wakajipongeza. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kuwa barabara ile ndiyo njia ya ng'ombe wanaopandishwa kutoka bondeni kwenda mnadani, na kwamba Jumamosi ni siku ya mnada.

Kipindi cha kwanza nilicheza upande wa mbali. Nilipanda na kushuka mpaka mbavu zikaniuma, lakini mgeni alikuwa ng'ambo ya pili ya uwanja, na kwa umbali ule hata angekuwa na darubini asingenitofautisha na kibendera cha kona. Baba alikuwa amesimama karibu naye, kavaa koti la kanisani na viatu vilivyong'arishwa, mwavuli mkononi. Kila mpira ulipotoka nje, alipiga makofi. Nadhani alifikiri ndiyo shabaha ya mchezo. Tulikwenda mapumziko bila bao.

Kipindi cha pili nikahamia upande wa barabara, mbele yao wote wawili. Nikajiambia, haya, sasa. Dakika ya kumi hivi nikasikia kengele. Walikuwa ng'ombe kama arobaini, wametembea siku nyingi, na pua zao zilishajua walipofika kabla ya mchungaji wao kujua. Waliacha barabara wote kwa pamoja. Wakajipanga kwenye mstari wa pembeni, kichwa kwa kichwa, kwa nidhamu ambayo timu yetu haikuwahi kuwa nayo, wakaanza kulamba.

Refa akapuliza filimbi. Akamwita mchungaji, mwanamume mrefu wa Kisukuma aliyejifunga shuka, akamwambia aondoe mifugo.

"Hawatoki, mzee," alisema yule bwana kwa upole. "Mmewawekea chumvi wenyewe."

Hapo mwenyekiti wetu akaja mbio. Alikuwa kwenye shida kubwa, kwa sababu kukubali kuwa ile ni chumvi ni kukubali mambo ya kamati mbele ya refa na mgeni wa Mbeya, na timu ilishapewa onyo mara moja.

"Hiyo ni chokaa," alisema.

"Ng'ombe hawali chokaa, mzee wangu."

"Labda wa kwenu."

Refa alichuchumaa, akagusa mstari kwa kidole, akakiweka mdomoni. Akafumba macho kama mpishi anayeonja mchuzi. Akakiweka tena mara ya pili, na mara ya pili sidhani kama ilikuwa kwa ajili ya uchunguzi.

"Hii chokaa yenu imekolea," alimwambia mwenyekiti.

"Siku hizi wanachanganya vitu vingi," mwenyekiti akajibu.

Walijaribu kuwafukuza kwa dakika tano. Aliyesukumwa alirudi, na aliyerudi alikuja na mwenzake. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mwenyekiti wetu hata kifo kingemkuta bado anasema ni chokaa. Mwishowe refa, ambaye alikuwa na basi la kuwahi, akatoa uamuzi ambao sijauona kwenye kitabu chochote cha sheria. Kwa kuwa mstari umeshalambwa na hauonekani, mstari ni pale ilipo midomo ya ng'ombe. Mpira ukigusa ng'ombe, umetoka. Mchezo uendelee.

Yule winga hatari alitazama zile pembe, akatazama miguu yake, akahamia upande wa pili moja kwa moja. Kamati ilijisifu kwa jambo hilo miaka mingi: dawa ilifanya kazi. Mimi sikuwa na pa kuhamia. Sisi wa juu Mbozi tunafuga ng'ombe wawili watatu, tena wa kufungwa kamba, tunawajua kwa tabia. Hawa walikuwa na pembe za urefu wa mkono wangu. Nilirusha mpira nikiwa nimebanwa kati ya madume wawili, mmoja ananipumulia shingoni, mwingine analamba soksi yangu kwa ajili ya jasho. Kila niliposhika mpira na kutaka kupanda, nililazimika kukata ndani, na ndani kulikuwa na watu wanne wananisubiri. Nilipoteza mpira mara tano mfululizo. Mgeni wa Mbeya alianza kuangalia saa. Dakika zikabaki kumi. Niliogopa. Siyo ng'ombe tu, niliogopa Jumatatu.

Basi nikapokea mpira tena karibu na goli letu, nikainua kichwa, nikamwona baba kaingia.

Alikuwa amekanyaga ndani ya mstari, yaani mbele ya midomo ya ng'ombe, na anautumia mwavuli. Hakuwapiga. Alikuwa anawagusa puani mmoja mmoja, anawasemesha Kinyiha, lugha ya kwetu, ambayo ng'ombe wale hawakuwahi kuisikia, na kwa mshangao au kwa heshima kila aliyeguswa alirudi hatua mbili nyuma. Njia ikaanza kufunguka, nyembamba, ya kumtosha mtu mmoja.

"Pita," aliniambia. "Unangoja nini?"

Nikapita. Alitangulia anakimbia na koti lake la kanisani, nami nyuma yake na mpira, yeye anafungua, mimi napita, wapinzani wamesimama hawajui wamkabe nani. Nilipofika karibu na kona nikapiga krosi. Straika wetu, ambaye dakika zote hizo alikuwa amesimama kwenye boksi mikono kiunoni anatazama ng'ombe, mpira ulimkuta kwenye goti. Ukaingia.

Mshika kibendera aliinua kibendera, akidai kuna mtu alikuwa ameotea. Refa akauliza nani. Akamnyooshea baba kidole. Refa akafikiri sana, akasema yule hana leseni ya uchezaji, kwa hiyo hawezi kuotea. Bao likakubaliwa.

Tukashinda moja bila. Mashabiki wakambeba straika. Na mgeni wa Mbeya akapita katikati ya watu, daftari mkononi, akaenda moja kwa moja kwa yule straika, akampa mkono, akaandika jina lake. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka hapo, kinyesi cha ng'ombe mpaka magotini. Hakunitazama. Niliumia kiasi kwamba sikuweza hata kukasirika.

Jumatatu alfajiri baba alinipa mkasi wa kupogolea, tukaingia shambani, na mpira haukutajwa. Nilifanya kazi siku nzima macho yakiwa na machozi, nikakata matawi yaliyopaswa kubaki na kuacha yaliyopaswa kukatwa. Baba alipita nyuma yangu, akaitazama mibuni yake, akaguna. Jumanne aliondoka mapema na basi, amevaa koti, akasema anakwenda kuonana na wanunuzi wa kahawa. Miaka ile wanunuzi binafsi walikuwa wamezagaa, na kila mkulima alitembea na sampuli mfukoni. Alirudi jioni, akala, akanawa mikono.

"Funga mzigo," alisema. "Kesho nenda Mbeya kwa yule kocha, ukafanye majaribio. Hapa unaniharibia mibuni."

Nilimshangaa, lakini sikubishana na bahati. Nilikwenda, kocha akanipokea bila kuuliza mengi, nikabaki. Nilidumu miaka minane. Nilicheza kwenye viwanja vya nyasi na vya kokoto, nilivunjika mguu mara moja na meno mawili, nilifunga bao moja tu maishani na lilikuwa la kujifunga. Yule straika alirudi Tunduma baada ya msimu mmoja, akafungua duka la soda. Na miaka yote hiyo nilisimulia vijiweni kuwa nilipata ajira kwa sababu ya upogoaji mbaya.

Siku niliyotundika daruga, kocha, naye kazeeka, aliniita ofisini. Akaniuliza kama mzee wangu bado yupo. Nikasema yupo. Akacheka peke yake, akanieleza.

Jumanne ile, baba alifika uwanja wa mazoezi Mbeya, akakataa kuondoka mpaka asikilizwe. Alipoingia ofisini alitoa kahawa mfukoni, akazipanga mezani punje kumi na moja. Akaomba mahindi, akapanga wapinzani. Ng'ombe akawawekea njiti za kiberiti. Kisha, mtu ambaye alikuwa ametazama mechi moja tu maishani mwake, akaichukua punje moja ya kushoto na kuisukuma kwa kidole: hapa alirudi, hapa akapanda, hapa wakamnyang'anya, akarudi tena. Mechi nzima. Alikumbuka kila mara niliyopanda na kila mara niliyoshuka, hata za kipindi cha kwanza, ng'ambo ya uwanja. Mwisho akaigusa punje ya straika, ambayo ilikuwa haijasogea kutoka mahali pake.

"Huyu uliyemchukua alikuwa amesimama," alimwambia kocha. "Aliyekuwa anafanya kazi ni wangu."

Nilipanda Mbozi siku hiyo hiyo. Nilimkuta baba amekaa barazani anachambua kahawa, nikamwambia nimeyasikia yote. Akasema hajui ninazungumza nini. Nikakaa chini kando yake, nikaanza kuchambua naye. Tulifika katikati ya ungo ndipo akafungua mdomo.

"Yule kocha wako hakunirudishia kahawa yangu," alisema. "Punje kumi na moja. Na zilikuwa za daraja la kwanza."