Mkono wa Kukuna Nazi

Tulikuwa wanne: dereva, fundi, jirani yangu mtu mzima, na mimi nimempakata mwanangu. Gari la dizeli lilikuwa limetuzimikia Changamwe, na mwana wa jirani alikuwa anatua uwanja wa ndege baada ya miaka mingi Arabuni. Jirani alilia akihofia atamkosa.

Fundi alitoa chujio la mafuta lililoziba, akafunga jipya, akaanza kupampu kwa mkono kuondoa hewa hadi akachoka.

“Nipishe, mwanangu,” jirani akasema.

“Mama, hii kazi ya mkono.”

“Kwani nazi hukunwa kwa mguu?”

Alipampu, bismillahi mdomoni, na gari likawaka. Fundi akammiminia maji yake ya kunywa anawe dizeli mikononi.

Mwana wa jirani tulimkuta uwanjani amekaa juu ya sanduku. Aliubusu mkono wa mamake, akacheka: “Mama, siku hizi wauza dizeli?”