Firigisi ya Papa Masika

Nilikwenda Kiwanja kwa sababu ya firigisi ya kuku. Najua mtacheka. Lakini nilirudi Goma na hasira ambayo mpaka leo imenikaa kooni, na nisipoiandika nitamfokea mtu asiye na kosa.

Mimi hufundisha Kiingereza watoto wa Majengo, mtaa wetu hapa Goma, kila Jumamosi, katika chumba cha parokia chenye madawati ya kuazima. Tunasoma jarida dogo la watoto wanaojifunza Kiingereza, linalochapishwa Kampala. Lina ukurasa mmoja ambao wanafunzi wangu huukimbilia kabla ya mingine yote: maisha ya kila siku na mambo ya ajabu ya watu wa kwingine. Hapo tulisoma kwamba kuna nchi ambako mtoto aking'oka jino hulilaza chini ya mto, na nchi ambako wanafunzi huvua viatu kabla ya kuingia darasani. Siku moja wakaniuliza, "Madame, na siye tutatokea lini?" Nikawajibu: andikeni.

Aliyeandika vizuri ni Kahindo, msichana wa miaka kumi na mitatu. Kwao ni Kiwanja, ila anaishi Majengo kwa shangazi yake ili asome. Aliandika kwamba kwao kuku akichinjwa Jumapili, firigisi ni ya baba, kama ilivyo katika nyumba nyingi za huku. Baba yake, Papa Masika, alikuwa mfanyabiashara wa maharagwe. Asubuhi moja alipeleka magunia Bunagana na hakurudi, wala hakuna aliyemwona amekufa, kwa hiyo nyumbani hawajaweka matanga. Mama yake bado huikaanga ile firigisi, huiweka kwenye sahani ndogo mahali alipokuwa akikaa baba, na kuifunika kwa sahani nyingine. Mwisho wa chakula huifunua na kumpa mtoto aliyefanya jambo jema juma hilo. Humwambia, "Papa yako amekupatia."

Niliisoma kazi hiyo na kalamu nyekundu mkononi, nikashindwa kuitumia. Nikaipeleka Kampala, na jarida likakubali. Walitaka tu picha za nyumbani. Wangemlipa mpiga picha wa hapa Goma, nami niende kama mwalimu. Kahindo alitangaza Majengo nzima. Halafu akanivuta pembeni akaniambia kilichomo moyoni mwake.

"Madame, hii jarida banaisomaka Uganda. Bunagana iko pa mupaka. Mutu anaweza ona jina ya papa, aseme, uyu mutu miye namujua."

Sasa mnaelewa kwa nini niliacha shughuli zangu zote.

Jumamosi asubuhi, Majengo. Gari la abiria lilijaa mapema, tukabaki kumngoja Fabrice, mpiga picha. Alifika ananukia marashi, kamera mbili shingoni. Ni mtoto wa Goma kabisa, amezaliwa juu ya mawe haya meusi ya volkano kama sisi. Nilifurahi kwamba hawakutuma mgeni wa mbali. Nilijiambia, huyu ni wetu, hakuna la kumweleza. Nilijidanganya vibaya sana.

"Madame," alisema tulipokuwa tunatoka mjini, "miye najua vile banatakaka. Foto inapaswa iguse roho."

"Roho ya nani?"

"Ya wale banaiangaliaka."

"Na roho ya anayepigwa je?"

Akacheka, akaanza kusafisha kioo cha kamera yake.

Kibumba. Baridi ya pale huingia hadi kwenye mifupa, na ukungu hushuka kutoka mlimani ukafunika mashamba ya kabichi. Gari lilisimama ili abiria wanunue mboga. Fabrice akaruka chini, akamwendea mama mmoja aliyeinama akifunga gunia, akaanza kumpiga picha mgongoni, ubavuni, usoni. Hakusema hata "jambo".

"Weye kijana!" yule mama alinyanyuka. "Mama yako hakukufundisha salamu? Ungeomba, ningefunga kitambaa muzuri. Sasa unaenda kunionesha kwa batu niko hivi?"

Fabrice akarudi garini akitabasamu, kama mtu aliyepongezwa. Mimi nilishuka nikanunua kabichi mbili nisizozihitaji, bila kuuliza bei, maana sikujua namna nyingine ya kuomba radhi. Niliporudi, Kahindo aliniuliza kwa sauti ya chini kama kwao pia atafanya vile. Nikamwambia hapana, mimi nitakuwepo.

Baada ya Rugari. Tulisimamishwa kwenye kizuizi, mifuko ikafunguliwa. Hapo Fabrice alificha kamera zake chini ya kiti, akavua kofia, akainama. "Jambo sana, chef. Mumeamukaje, chef?" Kumbe salamu anazijua! Nilimtazama hadi akageuza uso dirishani. Kumwamkia mwenye bunduki anaweza, ila mwenye gunia la kabichi haoni sababu.

Mchana, Kiwanja. Joto, vumbi, pikipiki zinazopishana na mafungu ya karanga na ndizi, na kelele za soko zinazokufanya usahau baridi ya Kibumba. Mama Masika alitupokea mlangoni kwa mikono miwili. Anaitwa hivyo kwa jina la binti yake wa kwanza, aliyeolewa Butembo. Ua wake ulikuwa umefagiwa hadi mistari ya ufagio inaonekana. Kitenge cha kijani kilikuwa kimepigwa pasi na kutundikwa ukutani, tayari kwa picha. Mdogo wake Kahindo, Kasereka, alikuwa amenyolewa asubuhi hiyo hiyo na kichwa kinang'aa mafuta.

Hivyo ndivyo tulivyo huku, enyi mnaosoma. Picha si mchezo. Mtu akijua atapigwa picha, huoga, huvaa nguo yake bora, husimama wima. Fabrice analijua hilo, maana picha za mama yake mwenyewe ziko hivyo.

Jioni Kahindo alinong'ona kwamba kesho firigisi ingekuwa ya Kasereka. Wiki nzima alikuwa amemtekea maji jirani mgonjwa, bila kutumwa. Mvulana mwenyewe alijifanya hajui, lakini alimfuata yule kuku uani kwa macho kila alikokwenda.

Jumapili, baada ya misa. Meza iliwekwa: bugali, sombe ya majani ya muhogo, kuku kwenye bakuli kubwa, na mahali pa baba ile sahani ndogo iliyofunikwa. Fabrice alipewa paja, sehemu ya mgeni wa heshima. Kabla hatujaanza kula akataka afanye kazi yake. Akaichukua sahani ya Papa Masika, akaitoa mezani na kuiweka chini kizingitini. Alisema huko ndiko kwenye mwanga. Kisha akamwomba Mama Masika avue kitenge cha kijani na kuvaa kile cha jikoni.

"Ukae hapa chini, mama. Uangalie sahani. Kama mutu mwenye hamu, lakini banamukataza."

"Nani ananikataza?" aliuliza Mama Masika.

"Mais mama, si ni desturi? Mwanamuke hakuli firigisi."

"Nikitaka firigisi, soko iko pale. Hii siikuli kwa sababu ni ya bwana yangu. Haviko sawasawa."

"Bon, kwa foto ni sawasawa tu."

Nilifungua kinywa. Mama Masika akanishika kiganja, akakiminya. "Acha, Madame. Ni mugeni wangu." Akaenda kubadilisha nguo, akarudi, akakaa chini kwenye nyumba yake mwenyewe, akapigwa picha akiwa anatazama sahani ya mumewe. Kahindo alisimama ukutani ameuma mdomo. Nilikuwa nimemwahidi kwamba nitakuwepo, na nilikuwepo kweli, nimesimama kama nguzo.

Alipomaliza, Fabrice aliirudisha sahani mezani. Akawa anakagua picha zake kwenye kioo cha kamera, na mkono wake wa pili ukateremka, ukachukua ile firigisi kwa vidole viwili, ukaitia mdomoni.

Firigisi haitafuniki upesi. Tulimsikiliza mpaka akameza.

"Fabrice," nilisema, "umekula nini?"

Alishangaa kwa dhati. "Firigisi. Madame, hapa hamuna mwanamume. Miye ni mwanamume na miye ni mugeni. Sasa ilikuwa ya nani?"

Na kinachonichoma zaidi ni kwamba hakukosea. Kwa desturi zetu, mwenye nyumba asipokuwepo, firigisi huenda kwa mgeni wa kiume. Dakika chache kabla alikuwa akiipiga picha desturi hiyo kama kitu cha kusikitisha, cha kuwaonyesha watoto wa mbali waone jinsi mama zetu wanavyoteswa. Kisha akakaa ndani yake vizuri kabisa na kula. Nilitaka kumpiga na bakuli, naliandika hili bila haya.

Kasereka aliitazama sahani. Kichwa chake kilichonyolewa kiliinama kidogo, basi. Mama Masika alichukua ile sahani ya juu, akaifunika ya chini ingawa haikuwa na kitu, akazisogeza mahali pake. Tukala. Mwisho, baada ya sala ya kushukuru, akaifunua kama kila Jumapili.

"Kasereka," alisema, "leo papa yako amekirimu mugeni. Anasema umungojee kidogo."

"Sawa, mama," mvulana akajibu.

Fabrice alicheka kidogo, akaona hakuna mwenzake wa kucheka naye, akatoka nje kupiga picha za mbuzi.

Jumatatu, barabarani. Karibu na Rumangabo mtandao ulishika vizuri, nikamwona anatuma picha. Nilisoma maneno aliyoandika chini yake, naye hakujali kuyaficha: chakula ambacho mama wa Kongo haruhusiwi kukigusa. Nikamwambia huo ni uongo na yeye anajua. Akaniambia nisikasirike, kwamba watu wa majarida wanataka kitu cha kushtua, na kwamba ukurasa wa Kahindo sasa utapendwa sana. Akaniambia hata nimshukuru. Nilihesabu kabichi zangu mbili miguuni nikiwaza ni ipi ingeumiza zaidi.

Goma, juma lililofuata. Jarida lilinitumia ukurasa kwenye simu ili niupitie. Kichwa cha habari kilikuwa yale maneno ya Fabrice. Picha ilijaza nusu ya karatasi: Mama Masika chini kizingitini, kitenge cha jikoni. Maandishi ya Kahindo yalibaki machache. Baba alikuwa amebaki "baba" tu, baba wa Kongo anayekula nyama nzuri peke yake. Maharagwe hayakuwemo, wala Bunagana, wala "papa yako amekupatia". Jina la Papa Masika halikuwepo popote.

Nilimpigia mhariri. Nilipayuka, majirani wakatoka nje. Yeye alinisikiliza kwa upole wote, na upole ule ulizidi kunitia wazimu. Alisema wasomaji wake ni wadogo, wanahitaji sentensi fupi fupi. Ukurasa mmoja, jambo moja la ajabu. Baba aliyepotea angewachanganya. Lakini kama mtoto hataki, si neno, wana ukurasa wa nchi nyingine uko tayari. Nikamwambia nitamuuliza mwenye habari.

Nilitembea hadi kwa shangazi yake Kahindo huku nikipiga teke kila jiwe. Kama safari hufundisha, basi hii imenifundisha hivi: desturi ya watu ukiikata nusu inakuwa uongo, hata kama kila neno ulilobakiza ni la kweli. Tena anayejua kukata vizuri si mgeni wa mbali, ni huyu wetu, anayejua mahali pa kupitisha kisu. Na nimejifunza kwamba heshima ya mama mwenye mgeni inaweza kumfunga mdomo, kwa hiyo aliyekuja naye hana ruhusa ya kunyamaza. Nilinyamaza Kiwanja. Sikutaka kunyamaza tena.

Kahindo alikuwa anatwanga sombe uani. Nilimpa simu, akausoma ukurasa wote, midomo ikitembea kwa kila neno la Kiingereza. Akarudi mwanzo, akausoma tena polepole.

"Jina ya papa iko wapi?"

"Halimo. Wameliondoa. Picha na jina lako vitatoka ukikubali. Majengo nzima wataona."

Alifuta mikono kwenye sketi yake. Alilia, lakini kwa muda mfupi, halafu akashika tena mchi.

"Madame, ubaambie hivi. Kama papa hayumo, baniondoe na miye."

Nikapiga simu papo hapo, kando ya kinu, nikamfikishia mhariri maneno hayo kwa Kiingereza, kwa sentensi fupi fupi, kama wasomaji wake wanavyohitaji.