Wimbo wa Mjane na Mabati ya Fondasyo

Mume wangu alikufa kiangazi kilipoanza, kwa homa ya siku chache, na udongo wa kaburi lake ulikuwa bado mbichi wakati mdogo wake alipoanza kuja kukaa kwenye baraza yetu na kukohoa. Hakuwa mgonjwa hata kidogo. Alikohoa ili nijue yuko. Mimi nilikuwa ndani, nimevaa nguo nyeupe ya eda. Nisitoke, nisijipake manukato, nisionane na mwanaume asiye ndugu yangu, kwa miezi minne na siku kumi, kama dini yetu inavyotaka. Eda yenyewe sikuilalamikia. Mume wangu tulipendana, na nilitaka kumkalia vizuri. Lakini kile kikohozi! Kila alasiri, khoo, khoo, halafu sauti yake: "Mama, mujane wetu iko salama?" Mama mkwe anamjibu kwamba niko salama. Wallahi nilitamani kumrushia mwiko.

Katika ukoo wao ilikuwa hivi: siku ya kutoka eda, mjane anaulizwa mbele ya watu anakwenda wapi. Akiwa na pa kwenda, anataja, na hakuna wa kumzuia. Akikosa, anabaki kwa shemeji, pamoja na vitanda na sufuria. Dini haisemi hivyo, na shehe wa mtaa alikwisha kueleza mara nyingi, lakini shehe halali nyumbani kwetu. Wazazi wangu walikuwa wamekufa. Ndugu zangu waliobaki walikuwa huko Punia, msituni, na barabara ya Punia ilikuwa barabara kwa jina tu. Mtoto sikujaaliwa. Kwa hiyo tegemeo langu lote lilikuwa paa la nyumba.

Acha nieleze. Sisi wanawake wa mtaa tulikuwa na kikundi. Tuliimba kwenye harusi na maulidi, tuliwatoa wajane eda, na tuliwafundisha wasichana kushona. Mimi ndiye nilikuwa mwimbishaji. Tulikuwa tumejijengea nyumba ya matofali ya kuchoma, chumba kikubwa mbele na kidogo nyuma, kuta zimesimama vizuri, lakini majani ya juu yalioza yakatuangukia. Wenzangu waliniapia kwamba nyumba ikipata mabati, chumba cha nyuma ni changu, nikae humo nifundishe. Basi siku nikiulizwa, ningejibu: nakwenda kwangu. Bila mabati hakukuwa na kwangu. Na mabati yalitakiwa yatoke kwa fondasyo.

Neno fondasyo tulilisikia kwa mama mmoja Mzungu, aliyefika kwetu Kindu kwa treni kabla mume wangu hajafa. Alikuwa mama mpole, wa viatu vya wazi na Kiswahili cha kitabuni. Alitueleza kwamba tajiri mmoja huko Ulaya alikufa akaacha usia: mali yake isaidie ngoma, nyimbo na vikundi vya watu wadogo. Tulitazamana. Kwetu maiti anasomewa hitima, watu wanakula wali, imekwisha. Huyu amekufa na bado anagawa mabati! Shehe alipoambiwa alisema, "Kumbe ni wakfu tu," na hapo tukaelewa. Lakini alituonya pia kwamba wakfu una masharti ya mwenyewe, na mwenyewe akishafariki hakuna wa kumbembeleza. Sisi tulikuwa tunashangilia, nani angesikiliza?

Yule mama alikuwa amekwisha wasaidia wapiga ngoma wa Lokandu. Kwaya ya kule Punia hakuifikia, gari lilikwama. Nilikuja kuona kwamba msaada ule ulifuata reli na mto, na aliyekaa mbali na hivyo viwili alibaki na sauti yake nzuri porini. Sisi tulikuwa na bahati ya kukaa karibu na gare, stesheni ya treni.

Siku ile ya kwanza alitukuta tunamtoa bibi mmoja eda, akausikia wimbo wa mjane. Huo si wimbo wa dini, ni desturi ya wazee wetu wa mtaa. Mjane anasimama mlangoni, anauliza kwa sauti, peke yake: "Nani alinifunika jua na mvua?" Halafu anataja jina la mumewe, na sisi tunalipokea kwa vigelegele, tunalirudia mpaka linafika barabarani. Mjane anauimba mara moja tu kwa kila mume aliyemzika. Haurudiwi, hauimbwi kwa mchezo, hata msichana akiubabaisha wakati wa kuosha vyombo anapigwa kofi. Yule mama alilia machozi. Akasema huo ndio atakaowaeleza wakubwa wake, na akirudi angependa kuusikia tena, aukamate kwenye kaseti.

Nasi tukamwambia ndiyo, mama, utausikia. Hapo ndipo tulipokosea. Mtaani kwetu mgeni haambiwi hapana usoni. Anaambiwa ndiyo, na wenyeji wanatafuta njia baadaye. Tena wajane hawakosekani, tulijua siku atakayorudi atakuwapo mmoja wa kutoka. Nilisema ndiyo kuliko wote, mimi mwimbishaji, na mume wangu akiwa mzima kabisa, anakula sombe nyumbani.

Aliporudi, mjane wa mtaa nilikuwa mimi, na eda yangu haijafika nusu.

Hakuja peke yake. Alifuatana na katibu wa Parti wa mtaa, ndani ya abakosi yake, ile suti ya Parti isiyovaliwa tai, iliyopigwa pasi mpaka inang'aa. Parti, chama cha rais, ilikuwa moja tu, na kila aliyezaliwa Zaire alizaliwa ndani yake, hata awe mtoto mchanga anayenyonya. Kikundi hakikuweza kupokea hata msumari kama katibu hajasema kwamba anakitambua. Fondasyo nayo haikutoa kitu kwa kikundi kisichotambuliwa. Kwa hiyo walikaa bega kwa bega uani kwetu, yeye na mama wa watu, kwenye viti vya kuazima.

Rafiki yangu mshonaji, ambaye ndiye alikuwa mkubwa wa kikundi, aliingia chumbani kwangu anahema.

"Dada, anataka ile wimbo."

"Aka! Siku yangu haijafika. Muimbieni ya harusi."

"Tumemuimbia ya harusi mpaka makoo yamekauka. Anapiga makofi, anacheka, halafu anauliza ile ya mujane. Anasema njo ile aliwaambia wakubwa wake. Bila ile, hajui atawaambia nini."

Barazani, khoo, khoo. Nilihisi kuta zinanisogelea. Nikiimba, nimeula wimbo wa mume wangu kabla ya siku yake. Nisipoimba, mabati hayaji, na yule anayekohoa nje ndiye paa langu.

Mama mkwe alikuwa kwenye mkeka anachambua mchele. Tangu msiba hatukuwa tumesemeshana sana. Nilimdhania yuko upande wa mtoto wake, na nani angemlaumu? Hakuinua kichwa. Alisema, "Imba humu ndani, nyuma ya dirisha. Jina usitaje. Bila jina haiko wimbo bado, iko swali tu. Jina utalitia siku yako."

Nikamtazama. Akaendelea kutoa mawe kwenye mchele.

"Miye walinirithi," akasema. "Usinitazame hivyo. Imba."

Basi niliimba nyuma ya pazia. Mama wa fondasyo alitaka na picha, na mimi sikuweza kupigwa picha, kwa hiyo rafiki yangu mshonaji alisimama mbele ya dirisha, akafungua kinywa kila nilipoimba na kukifunga nilipovuta pumzi. Yeye sauti yake ni ya kufukuza kuku, Mungu amsamehe! Aliyumba, akafumba macho, akaweka mkono kifuani. Miaka kadhaa baadaye tuliletewa kalenda ya ile fondasyo, na rafiki yangu yuko humo, mdomo wazi, mzuri kama bibi harusi. Tulicheka sana ile kalenda, nami nikamwambia anirudishie sauti yangu.

Lakini siku yenyewe sikucheka. Nilifika kwenye swali, "Nani alinifunika jua na mvua?", na nikanyamaza kama nilivyoelekezwa. Wenzangu nao walinyamaza. Kimya kile kilikuwa cha mume wangu, nilikuwa ninamtunzia.

Katibu akasimama. Labda alidhani tumesahau, labda aliona nafasi tupu na hakuweza kuiacha tupu, ndivyo walivyofundishwa. Alinyoosha mkono akapaza sauti: "Ni Guide wetu!" Guide, mwenye kutuongoza, ndivyo tulivyoamriwa kumwita rais.

Halafu mmoja akapiga kigelegele, maana nani angebaki mikono mapajani mbele ya katibu? Wote wakapiga. Nilisikia wenzangu wanalirudia lile jina uani kwangu, nami nimeziba kinywa kwa nguo nyeupe. Na yule mama, maskini, alifurahi! "Vizuri sana," alisema kwa Kiswahili chake kile, "kumbe mnaweka jina la yule mnayemshukuru." Kaseti ilikuwa inazunguka.

Mabati yakakubaliwa. Yalifika kwa treni kabla ya mvua, na misumari yake, na mashini moja ya kushona. Nilisikia nyundo kutoka chumbani kwangu na moyo ukanidunda kwa furaha, sifichi. Kila bati lililopigiliwa lilinisogeza mbali na kile kikohozi. Ila pamoja na nyundo nilisikia kitu kingine. Katibu alikuwa anawafanyisha wenzangu mazoezi kila alasiri. Kikundi chetu sasa kilikuwa cha animasiyo, kucheza na kusifu siku za wakubwa, na ule wimbo ulimpendeza. Alitaka jina liingie upesi, kwa moto, mwimbishaji asiachiwe hata pumzi. Wanakosea, anawarudisha. Tena! Tena! Wimbo ambao haurudiwi niliusikia mpaka nikauchukia.

Rafiki yangu alikuja kunipoza. "Vumilia, dada. Bila yeye mabati yangelala gare. Siku yako ni yako. Utataja jina la mume wako, na sisi tutalipokea."

"Na yeye?"

"Tutajua la kumuambia." Ilikuwa ndiyo ile ile tuliyompa Mzungu.

Siku ikafika. Waliniosha asubuhi, wakanivua nguo nyeupe, na nilipotafuta kikwembe changu mama mkwe akanionyesha kingine, kipya, kimeletwa na katibu kwa ajili ya ufunguzi wa nyumba. Kilikuwa na uso wa Guide, mmoja ulikaa tumboni na mwingine makalioni. Mama mkwe alinifunga mwenyewe, akakaza fundo. Nilikuwa nimevuliwa eda na kuvishwa nyingine, na hii hakuna aliyeniambia ina miezi mingapi.

Walinipeleka mpaka mlango wa nyumba yetu ya matofali. Mabati yanawaka, bendera iko juu, watu wamejaa, mawingu yamefunga upande wa mtoni. Shemeji alikuwa mbele, kavaa kanzu safi. Akauliza kama desturi inavyotaka, "Mujane wetu anaenda wapi?"

"Nakwenda kwangu," nikasema, nikagusa ukuta. Akakohoa, safari hii kikohozi cha kweli. Nilimwona mama mkwe anajifuta macho.

Halafu nikageuka mlangoni kuimba. Jina la mume wangu nilikuwa nimelishika kinywani miezi yote ile, sikulitaja hata nikiomba dua, nikasema marehemu, marehemu, ili litoke jipya. Nikauliza kwa sauti yangu yote: "Nani alinifunika jua na mvua?" Nikavuta pumzi.

Wakaniwahi. Wote, kwa mkupuo mmoja, safi kabisa, kama walivyozoeshwa: lile jina lingine, na makofi, na vigelegele, mara ya pili, mara ya tatu, likafika barabarani. Nilimwona rafiki yangu anashtuka, anaweka mkono mdomoni. Hakukusudia. Midomo yao ilikwenda yenyewe. Katibu alitikisa kichwa kwa kuridhika, na mama mkwe akageuka akaanza kurudi nyumbani kwake peke yake.

Wimbo ulikuwa umekwisha. Haurudiwi.

Mvua ikaanguka hapo hapo. Watu wote wakakimbilia chumba cha mbele, wakaendelea kucheza chini ya paa jipya. Mimi nikapita hadi chumba cha nyuma, nikafunga mlango, nikasimama katikati na kile kikwembe. Hakuna hata tone lililovuja, mabati yalikuwa mazuri. Hapo nikalitaja jina la mume wangu, nikalipigia kelele kwa nguvu zote, na kwa jinsi mvua ilivyokuwa inapiga yale mabati, mimi mwenyewe sikulisikia.