Babu Alivyoikalafati Piano

Piano ya mjomba Sudi ilifika kisiwani kwetu ikinuka sabuni na dizeli. Ilitoka Dar es Salaam juu ya lori lililopakia makatoni ya sabuni, ikakwama Kibiti mvua ilipokata njia, kisha ikashushwa hadi mtoni na kuwekwa juu ya mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa boriti za mikoko. Mjomba, kaka mkubwa wa mama, alikaa kando yake njia nzima akiishikilia kama anayesindikiza mgonjwa. Nilikuwa darasa la tatu. Nakumbuka uso wake alipokanyaga tope la bandarini, uso wa mtu aliyechoka tangu zamani, ambaye safari ile ilimkuta hivyo hivyo.

Aliondoka kijana kwenda kufanya kazi za nyumbani Dar es Salaam, kwa mama mmoja mgeni aliyekuwa na piano sebuleni. Kazi yake ilikuwa kuifuta vumbi. Yule mama akamkuta anaipiga, akamfundisha, na baadaye akampeleka chuo cha muziki Ulaya. Huko akawa mpigaji wa kumbi kubwa, akipiga muziki wa watu waliokufa zamani, wasikilizaji kimya, hata kukohoa wakisubiri kipande kiishe. Alizunguka miji kwa miaka mingi, sanduku mkononi, mpaka vidole viwili vya mkono wa kulia vikaanza kufa ganzi. Akaahidiwa onyesho moja baada ya masika. Akilipiga vizuri, angeitwa tena. Akishindwa, hakuna ambaye angemwita. Akaja kwetu kuuzoeza mkono mahali ambapo hakuna aliyejua kosa linasikikaje.

Kila asubuhi alipiga kipande kilekile, polepole, akirudia palepale vidole vilipokwama. Wanawake waliopita na ndoo walisimama dirishani. "Sudi," alisema Bi Mwanahawa, jirani yetu, "ngoma uliyoifuata Ulaya ndiyo hii? Mwali gani atatoka ndani kwa ngoma hii?" Mjomba akacheka. "Hii si ya kucheza, Bi Mwanahawa. Unakaa kimya, unasikiliza." "Nikae kimya! Na samaki nani atawapara?" Wakaenda zao wakichekana. Lakini mkono ulikuwa unarudi. Hata mimi nilisikia: pale palipokuwa pakikwama pakaanza kupitika. Kilichobaki kumsumbua ni hewa ya chumvi. Mbao zilivimba, nyuzi zikaanza kushika kutu, na jioni moja akalalamika mbele ya baba yake kwamba unyevu unaingia ndani ya piano.

Babu alikuwa fundi wa mashua. Mjomba alipokwenda Kibiti kupiga simu Ulaya, babu aliifungua ile piano, akaifanyia kile anachofanyia chombo chochote kinachoingiza maji: akaikalafati. Alishindilia pamba iliyochovywa mafuta ya papa katika kila mwanya, akiigonga taratibu kwa patasi, kisha akazipaka nyuzi na vinyundo vya ndani mafuta yaleyale, visishike kutu. Alifanya kazi tangu asubuhi mpaka magharibi bila kula. Sijapata kuona kazi safi kama ile.

Mjomba alirudi, akakaa, akabonyeza. Vibao vilishuka, havikupanda. Sauti iliyotoka ilikuwa kama ya mtu anayegonga mlango kwa kiganja kilicholowa. Babu alisimama karibu, mikono inang'aa mafuta. "Halitaingia hata tone, mwanangu." Mjomba akakifunga kifuniko taratibu. "Ahsante, baba. Kazi nzuri." Kwetu chombo kikishakalafatiwa, mwenye chombo humpikia fundi, na fundi hula kwanza. Mjomba alichinja jogoo, akamnawisha babu mikono yeye mwenyewe. Jikoni mama alimnong'oneza, "Kaka, mwambie basi." Akajibu, "Nimwambie nini? Mzee ana furaha. Mwache ale."

Onyesho lile hakulipiga. Tulisikia baadaye kwamba alifika huko, mkono ukamkatalia mazoezini, akaishia kufundisha watoto wa watu. Mimi sasa nimeufikia umri wake. Nimebeba korosho Mtwara, nimelinda maghala Tunduma, nimeuza viatu Mbagala. Nikipita Kibiti nashuka, nakunywa chai, basi likipiga honi napanda. Waliobaki kisiwani hawanijui. Nikiondoka mahali hakuna anayeniuliza narudi lini, na nimechoka kuondoka hivyo.

Yeye aliulizwa. Asubuhi aliyoondoka moja kwa moja maji yalikuwa yamejaa, mtumbwi unamngoja. Babu aliushika ule mkono mbovu. "Utarudi lini kukipiga chombo chako?"

Mjomba aliitazama nyumba. "Mafuta yakikauka, baba."

"Kwa jua hili? Hayachelewi hayo."

Mtumbwi haujakata kona ya mikoko, babu alikuwa keshaingia ndani, anapapasa ubao wa piano kwa kidole gumba.